Waliokunja Mikeka Wakiwa Wameshiba

Wako waliotembea nchi nyingi wakarudi na maringo. Somoe alitembea nchi moja tu, mtoto mgongoni, akarudi na shukrani. Basi tuwaache wale wenye nchi nyingi, tusimulie ya Somoe.

Alikuwa msusi wa ukili wa mikeka, mama wa miaka ishirini na minne, na bintiye Hidaya alikuwa na miezi saba. Njia aliyoipita haina haja ya kutuchelewesha. Mtu yeyote aliyewahi kulala na mtoto mchanga kifuani anajua kwamba kati ya kunyonyesha na kunyonyesha kuna nchi zisizochorwa kwenye ramani. Asubuhi moja Somoe akajikuta amesimama katika mojawapo, nayo iliitwa Upeo. Mtu wa kwanza aliyekutana naye alimwuliza, hata salamu bado, yeye ni mtazamaji wa nini. Somoe akajibu kwamba yeye hutazama chochote kinachopita mbele yake. Yule mtu akamsikitikia, akampisha njia.

Upeo ni bonde lililoviringana kama bakuli. Upande mmoja wa juu mlima umetoboka tundu kubwa, nalo huitwa Dirisha, na mwanga wote wa nchi huingilia hapo. Kuta za bonde zimechongwa matuta, moja juu ya jingine, na kila tuta limejaa watazamaji. Kila mtazamaji ana mkeka wake, kigoda chake na uzi wake. Chini kabisa, katikati, kuna bwawa la maji maangavu ambalo wenyeji hulipenda sana na hawalitazami kamwe, kwa kuwa macho yao yote yako Dirishani.

Nyuzi ndizo zilizomvuta Somoe, kwa kazi yake. Uzi wa kila mtazamaji huanzia kwenye kigoda chake, ukateremka tuta kwa tuta, ukaungana na nyuzi za wenzake mpaka zikawa kamba nene kama paja la mtu mzima. Kamba hiyo hutoka nje ya bonde kwa Mlango Mwembamba, ikaenda safari ndefu hadi Mji wa Nyuma. Huko Mji wa Nyuma haujaingia mwanga tangu kuumbwa kwake. Watu wake hawajapata kuona hata kucha zao. Lakini ndio wanaoijua dunia, maana mtazamaji akiona kitu huvuta uzi, na kule nyuma mivuto hiyo hukusanywa, ikasukwa, ikawa picha.

Na kila mtazamaji ana kitu kimoja tu. Huyu ni wa kingo za mawingu, yule ni wa mwanga unaozimika. Bi Tufaha wa tuta la ukingoni alikuwa wa vitu vinavyosogea kutoka kulia kwenda kushoto. Kitu kikirudi kutoka kushoto si kazi yake, hata kiwe nyoka. Jirani yake, Bi Kazija, ndiye aliyempokea Somoe. Yeye alikuwa wa mishazari. Nyumba kwake ilikuwa mteremko wa paa, mti ulikuwa tawi lililoinama, basi. Somoe alisimama mbele yake kitambo kizima akisema shikamoo, naye akiitikia marahaba huku akitafuta sauti inatoka wapi, mpaka Somoe alipoinama kumfunga mtoto vizuri mgongoni.

"Aa, sasa umefika," alisema Bi Kazija. "Karibu, mwanangu. Kaa hivyohivyo umeinama, tuzungumze."

Bi Tufaha akadakia kutoka mkekani kwake kwamba mgeni asijali, huyo mama hata siku ya kufa atataka alazwe mshazari.

Walikuwa wanawake wa makamo wote wawili, waliozoeana kwa utani. Lakini Somoe aliona kwamba Bi Kazija, hata akicheka, alikuwa na ufagio mkononi, naye alikuwa akifagia mahali palipokwisha kuwa safi. Aliona pia kwamba miguu ya kile kigoda ilikuwa imeanza kulegezwa. Akauliza. Ndipo akaelezwa Sheria ya Mkeka.

Mtazamaji hupeleka habari kwa uzi, na kila siku, kwa uzi huohuo, hurudishiwa mwitiko. Mwitiko ni kidonge cha kunata, ukubwa wa kidole gumba, kilichofungwa kwa jani la mgomba. Yule wa Mji wa Nyuma anayepokea habari zako ndiye anayekukandia, naye mchukuzi hukuletea, akifuata uzi wako kwa mkono mpaka kigodani pako. Mtazamaji akikosa mwitiko siku saba, hukunja mkeka wake mwenyewe. Hufagia alipokuwa amekaa, huvunja kigoda chake akawagawia majirani kuni, kisha huteremka upande wa kivuli. Hafukuzwi na mtu, wala hagombani na mtu.

"Na akishateremka?" aliuliza Somoe.

"Haonekani tena. Wala pake hapakaliwi na mwingine."

Bi Kazija alikuwa siku ya tano bila mwitiko, na Bi Tufaha vilevile.

Alisimulia haya bila machozi, na zaidi ya hapo alisimulia na mambo ya mwanzo. Alisema siku nchi ilipokuwa changa watazamaji waliwekwa mara mbili ya mahitaji, wamebanana begani kwa begani. Kila mmoja akarusha uzi wake gizani kuelekea Mji wa Nyuma. Nyuzi zilizopata mlango wa mtu huko zilirudishiwa mwitiko, zilizokosa hazikurudishiwa, na nusu ya watu wakakunja mikeka. Wazee wa Baraza hufundisha kwamba waliobaki walikuwa ndio hodari. Bi Kazija hakuamini. Aliyekuwa kushoto kwake alikuwa na macho makali kuliko yake.

"Wangu ulipata mlango, wake haukupata," alisema. "Sijui kwa nini wangu. Kila asubuhi nikikaa hapa husema alhamdulillahi, halafu natafuta mshazari."

Somoe aliuliza kama mwitiko ndio chakula chao. Wanawake wote wawili wakamcheka. Chakula kipo, walisema, waegemezi wanapika. Waegemezi ni watu warefu wa nchi hiyo, wanaosimama katikati ya watazamaji, kichwa tuta la juu, miguu tuta la chini, wakipika, wakifagia na kushika mgongo wa anayechoka. Hawana uzi. Mwitiko wenyewe haushibishi hata kuku. Basi unafanya nini? Bi Kazija akaendelea kufagia, akifikiri.

Wakati huo Hidaya akaanza kulia mgongoni, kile kilio cha kuamka mahali pageni. Somoe aligeuza shingo tu. "Nipo, mama, nipo." Mtoto akanyamaza, akalaza shavu.

"Umempa nini?" aliuliza Bi Kazija.

"Sijampa kitu. Amejua tu kuwa nipo."

Bi Kazija aliusimamisha ufagio. "Basi ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyohiyo."

Watazamaji hawaruhusiwi kutoka mikekani, kwa hiyo Somoe ndiye aliyekwenda Barazani kumsemea. Baraza la Upeo hukaa tuta la katikati, pale mwanga unapoanguka mkali kuliko kote, na wajumbe wake huona vitu vidogo kwa namna ya ajabu. Mwenyekiti, Bwana Makungu, alimwambia Somoe idadi ya nyuzi za kitambaa cha kanga yake kabla hajaketi. Aliuliza pia kama ni kweli kwamba huko ukingoni watu wanakunja mikeka. Yeye binafsi alikuwa hajawahi kutazama upande huo.

Ilionekana jambo hilo lilikuwa mezani kwa muda mrefu. Kulikuwa na kundi lililosema watu wa ukingoni ni wavivu, wanakunja kwa sababu hawapendi kazi. Kundi la pili lilisema ni njaa, waongezewe pilau. Kundi la kwanza likajibu kwamba pilau huongeza uvivu. La pili likajibu kwamba mvivu aliyeshiba ni bora kuliko mvivu mwenye njaa, kwa kuwa hapigi kelele. Hoja hiyo ilipigiwa makofi na pande zote mbili.

Kisha karani akasoma waraka kutoka Mji wa Nyuma. Ulisema kwamba picha ya dunia imekamilika, haina pengo hata moja, na wananchi wa huko wanaona vizuri kama zamani. Somoe akashangaa: watazamaji wangapi wamekwisha kuteremka upande wa kivuli, na picha ikose pengo? Karani, kijana mwungwana, akamweleza. Kule Mji wa Nyuma, uzi ukinyamaza, wachoraji huuliza nyuzi za jirani kuna nini hapo karibu. Wakiambiwa majani, hupaka majani. Wakiambiwa anga, hupaka anga. Kazi yao ni safi kiasi kwamba wenyewe hawajui wapi walipaka. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuna aliyekunja mkeka.

Somoe aliomba kuuliza swali moja. Je, kuna mtu aliyekwenda Mlango Mwembamba kuangalia kama nyuzi zinapita sawasawa?

Bwana Makungu akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgeni. Alisema kwamba penye Mlango hakukai mtazamaji, kwa sababu pamejaa nyuzi hakuna pa kutandika mkeka. Kwa kuwa hakukai mtazamaji, haijapata kuja habari yoyote ya Mlango. Na kwa kanuni, lisiloletwa na uzi haliwezi kujadiliwa. Alikiri kwamba wako wasomi wanaoshuku kama Mlango wenyewe upo.

"Sasa, mheshimiwa, nyuzi zenu zinapita wapi?"

"Zinapita," alisema Bwana Makungu. "Hilo halina ubishi. Wapi, hilo ni suala jingine."

Ikaamuliwa pilau.

Siku ya sita pilau likafika ukingoni, masufuria kwa masufuria, na kwa kweli lilikuwa zuri. Bi Tufaha alisema ni la harusi, sasa bwana harusi yuko wapi. Mzee Chande, wa kingo za mawingu, aliyekaa mikeka mitatu kutoka kwao, alikula sahani mbili, akalamba vidole, akamsifu mpishi kwa jina. Ilikuwa siku yake ya saba. Alipomaliza kunawa alisimama, akakunja mkeka wake kutoka pembe moja hadi nyingine, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya kuazima. Kigoda akakivunja vipande vinne. Alimpa Bi Kazija kimoja, akamwomba radhi kama aliwahi kumkera, akateremka upande wa kivuli. Somoe alisimama mpaka asiweze kumwona tena. Tumbo la yule mzee lilikuwa limejaa.

Hapo Somoe aliingiwa na hofu ya kweli. Alikuwa mgeni wa siku mbili, lakini alikuwa amelala ubavuni mwa Bi Kazija, amepokelewa mtoto, amewekewa maji ya kuoga. Bi Kazija alikuwa na siku moja.

Siku ya saba mwegemezi mmoja, Bwana Ngwali, aliinama kutoka juu akawapa Bi Kazija na Bi Tufaha kidonge kila mmoja. Alikuwa amevikanda mwenyewe, kwa mikono yake, kwa kukisia. Somoe alifurahi akadhani mambo yamekwisha. Bwana Ngwali akatikisa kichwa. Alisema mwitiko wa waegemezi huchelewesha tu, siku mbili, labda.

"Wewe ni mama, utanielewa," alimwambia. "Jirani akimwitikia mtoto wa mwenzake, mtoto atanyamaza kidogo. Kisha atauliza mama yuko wapi."

Siku mbili ni siku mbili. Somoe alimshukuru kwa mikono miwili, kisha akachukua nepi za Hidaya, maana hofu haifui nguo, akashuka nazo bwawani.

Kwenye bwawa kulikuwa na ngazi za mawe za kufulia. Alipokanyaga ya tatu, maji yalimfika magotini. Akainama, akapapasa: chini ya ile kulikuwa na nyingine, na nyingine, ngazi saba kwa jumla, tano zimezama. Mawe ya chini yalikuwa yamelika katikati kwa miguu ya watu. Zamani wanawake walifulia kule chini. Akamwuliza Bwana Ngwali maji yalianza lini kupanda. Bwana Ngwali akasema hajui, hakuna uzi wa kutazama bwawa. Lakini alikumbuka kwamba marehemu mama yake alikuwa akifulia ngazi ya sita.

Sasa, msusi wa ukili ana tabia moja. Akiona mkeka umevimba mahali, haangalii pale palipovimba. Huufuata ukili kwa kidole mpaka auone ulipobanwa. Asubuhi ya siku ya nane Somoe aliushika uzi wa Bi Kazija, akaufuata. Uliteremka tuta kwa tuta, ukaingia kwenye kamba, na kamba ikamfikisha mahali ambapo hakuna mtu wa Upeo aliyekuwa amefika kwa umri wa mtu mzima. Mlango Mwembamba ulikuwepo. Ukuta wake wa udongo ulikuwa umelowa na kuvimba kwa msukumo wa maji ya bwawa, na kizingiti kilikuwa kimesukumwa nje, kimepinda. Nyuzi zilizopita katikati zilikuwa zimebanwa bapa kama majani ya ukindu yaliyokanyagwa na ng'ombe. Zile za katikati zilipumua kidogo. Zile za kando, za watu wa ukingoni, hata unyasi usingepenya kando yake.

Aliweka sikio kwenye kamba. Akasikia sauti, ndogo na kavu, ikisema hodi.

Akaitikia karibu. Upande wa pili kukatoka kikohozi, kisha mtu akauliza kwa adabu kama ni kweli amesikia karibu au ni masikio yake. Alikuwa mchukuzi, jina lake Kombo. Alisema wako wengi, wamesimama wamebanana, wamepiga hodi siku nane mpaka koo zimekauka. Mchukuzi harudi nyuma na mzigo wa mtu, wala hautupi. Somoe alipomtajia Bi Kazija wa mishazari, Kombo akasema ndiye bibi wake hasa, anayo miitiko yake minane mkononi. Bwana Fumo, anayepokea mishazari yake kule nyuma, hajakosa kuleta hata siku moja. Habari zake zinamfika nyembamba kama uzi wa buibui, naye anakanda na kuleta, anakanda na kuleta.

"Anadhani zimefika," alisema Kombo. "Sisi tumeona haya kumwambia."

Somoe hakwenda Barazani. Alikwenda kwa waegemezi. Aliogopa watamwambia lazima kibali kitoke juu, lakini Bwana Ngwali alimtazama tu. "Sisi hatuna uzi," alisema. "Hakuna anayetuuliza, basi hakuna anayetukataza." Wakateremka watu ishirini na majembe mpaka kwenye pembe ya bwawa, mahali ambapo mfereji wa kutolea maji ulipaswa kuwa, wakachimba. Walitoa tope. Walitoa magugu yenye mizizi kama nywele za mzee. Juu ya vyote walitoa ukoko wa pilau, kapu kwa kapu, kwa sababu masufuria ya Baraza yalikuwa yakioshewa hapo. Somoe naye alichimba, Hidaya mgongoni akishangilia kila jembe linapopanda. Alasiri maji yalilia mferejini, yakaanza kwenda. Walikaa pembeni wakiangalia ngazi. Ikatokea ya tatu. Jua lilipokuwa likiinama ikatokea ya nne, mbichi, yenye ukungu wa kijani.

Asubuhi ya siku ya tisa zilionekana sita. Somoe alipanda mbio hadi ukingoni kuwaambia.

Bi Tufaha alikuwa amekwisha kuvunja kigoda. Alisema yeye hapendi kungojangoja, na kwamba kuni zake ni za mti mzuri, mtu asizipikie maharage. Bi Kazija alikuwa amesimama, mkeka umekunjwa kwapani. Somoe alimweleza yote kwa pumzi moja: mlango, maji, Kombo, Bwana Fumo. Bi Kazija alimsikiliza. Uso wake ulikuwa mtulivu mno, na utulivu huo ndio uliomtisha Somoe.

"Si kwamba nataka, mwanangu," alisema. "Mwili wenyewe ndio unaokunja. Mimi nausindikiza tu."

Aligeuka kuelekea kivulini. Somoe hakuwa na kidonge. Alimshika mkono, akamwambia neno alilokuwa nalo. "Nipo, mama. Nipo. Ngoja kidogo." Bi Kazija akapiga hatua moja. Somoe hakuuachia mkono. Akapiga ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Wakasimama hivyo, na Hidaya akanyoosha mkono akashika ncha ya mkeka, kama watoto wanavyoshika kila kitu. Dakika ngapi zilipita hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna mtazamaji wa muda.

Uzi wa Bi Kazija ulitikisika kwanza. Kisha mtu mfupi mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama alitokea tuta la chini, mkono mmoja juu ya uzi, kwapani ana kikapu. Alisema hodi, sauti haikutoka, akasema tena.

"Karibu," alisema Bi Kazija.

Kombo alimpa miitiko tisa, maana na wa siku hiyo ulikuwa umefika. Majani ya nje yalikuwa yamekauka, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa umefunguliwa. Bi Kazija aliufungua wa kwanza, akauweka ulimini. Kisha aliutandika mkeka, akaunyoosha pembe zote nne, akaketi, akaangalia Dirishani, na machozi yakawa yanashuka huku mkono wake unavuta uzi, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mishazari ilikuwa imejaa asubuhi ile.

Karani wa Baraza naye alikuwa amepanda, na kitabu. Alikuja kuandika kwamba uamuzi wa pilau umefanikiwa, watu wa ukingoni wameacha kukunja. Alifika wakati Bi Tufaha anamwuliza Kombo kuhusu ya kwake. Kombo aliinamisha kichwa. Uzi wa Bi Tufaha ulibanwa zaidi ya nyingine. Kule nyuma hakikufika chochote, hata mvuto, na yule anayempokelea habari akadhani Bi Tufaha amekwisha kuteremka. Akafunga mlango wake, akalia, akaenda kufanya kazi nyingine. Hakukuwa na mwitiko wa Bi Tufaha hata mmoja.

"Haya, kheri," alisema Bi Tufaha, akaanza kukusanya vipande vya kigoda.

Bi Kazija akanyoosha mkono, akamwekea mapajani miitiko minne.

Karani alikohoa. Alisema, kwa masikitiko na kwa heshima, kwamba sheria imenyooka: mwitiko wa uzi mmoja hauliwi na mwenye uzi mwingine.

"Mwanangu," alisema Bi Kazija bila kutoa macho Dirishani, "mimi naona mishazari tu. Kilichonyooka siwezi kukiona."

Karani alitafakari jambo hilo. Alitazama kitabu chake, akatazama kivulini alikoteremkia Mzee Chande na wengine ambao hakuna mfereji utakaowarudisha. Akafunga kitabu. Alisema uzi haukuleta habari ya jambo lolote lisilo la kawaida, akashuka.

Kombo alijiandaa kurudi. Wachukuzi hurudi mikono mitupu, ndiyo desturi. Somoe akamwambia basi ina nafasi. Bi Kazija akafikiri sana, kwa maana hakuna mtu wa Upeo aliyewahi kupeleka nyuma neno lisilo habari. Mwishowe alisema, "Mwambie Bwana Fumo, kila siku nilikula bila kujua jina lake. Mwambie nimekaa." Na Somoe akaongeza kwamba apite pia kwenye mlango wa yule aliyefunga, apige hodi mpaka afungue, kwa kuwa yeye Kombo ni hodari wa kupiga hodi. Kombo akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Akaweka mkono wake juu ya uzi wa Bi Tufaha, uliokuwa bado bapa kama ukindu, akaanza kuteremka.

Bi Tufaha alikula mwitiko mmoja. Alikuwa hana kigoda tena, kwa hiyo alichuchumaa, kiganja kwenye paji la uso, akatazama Dirishani kwa uchungu wa magoti na kwa matusi madogomadogo. Kukapita kitu, ndege labda, au jani, kutoka kulia kwenda kushoto. Akavuta uzi.

Somoe alikuwa akimwangalia Kombo, aliyekuwa amefika tuta la tatu kutoka chini. Alimwona amesimama ghafla, akiuangalia mkono wake ulioshika ule uzi. Kisha Kombo, na miguu yake iliyovimba, akaongeza mwendo.